Karafuu Zilizogeuka Nyeupe

Wiki iliyopita nilikuwa Chake Chake kwenye duka la vitambaa, nimemsindikiza mwenzangu mmoja niliyesoma naye, nitamwita Zuhura, aliyekuwa akitafuta pazia la sebule. Muuzaji alishusha jora la kijani kutoka rafu ya juu, akalipiga mezani likafunguka, na harufu ikanijia usoni: wanga, rangi mbichi, na mafuta ya taa kwa mbali, ile harufu ya kitambaa ambacho bado hakijaonja maji. Wakati huohuo Zuhura alikuwa akinieleza habari za mwanawe aliyepata nafasi ya kusoma Morogoro.

"Anakwenda lini?" nikamuuliza.

"Mmh. Tumeswali istikhara, mie na baba yake. Tunangoja ndoto."

"Mna siku ngapi?"

"Zimebaki tisa."

"Na mmeshamnunulia chochote?"

"Tununue nini, na hatujui kama anakwenda?"

Muuzaji alikuwa na mkasi mkononi, anangoja tuseme mita ngapi. Nilihisi hasira ambayo haikuwa na mahali pake katika duka la mapazia. Nikashika ncha ya kile kitambaa na kukinusa kama mtu anayekagua ubora. Lakini nilikuwa nimekwishaondoka pale. Nilikuwa Ole, uani kwetu, nina miaka kumi na mitatu, na nimeshika shuka la kijani lililonukia vilevile.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Sisi tulikua katika nyumba ambazo mtoto hakuambiwa kitu. Ulijua kwamba kuna harusi ulipoona mchele unapetwa mwingi, ukajua kuna msiba ulipovalishwa kanzu safi siku isiyo Ijumaa. Yaliyobaki uliyaunganisha mwenyewe, na mara nyingi uliyaunganisha vibaya.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Mchana mmoja Mwalimu Mkuu wa skuli yetu alikuja nyumbani kwa miguu, barua mkononi. Baba alikuwa amekaa barazani akirekebisha kamba yake ya kukwelea mikarafuu. Mama alikuwa ndani anasuka ukili, Bibi yuko kitandani kwake nyuma ya mlango, mahali ambapo alisikia kila kitu na hakuna aliyemuona.

"Mzee Faki, mtoto kachaguliwa," alisema Mwalimu Mkuu. "Skuli ya bweni, Unguja. Katika wasichana wa hapa ni yeye peke yake."

"Unguja," alisema Baba.

"Unguja. Wanapokelewa baada ya wiki tatu. Lakini nikwambie mapema, asiyefika katika wiki ya mwanzo nafasi yake wanampa mwengine, na hapo mimi sina tena la kusema."

"Nimesikia, mwalimu. Tutaswali istikhara."

"Swalini. Ila swalini mbio."

Sauti ya Bibi ikatoka nyuma ya mlango. "Istikhara haina mbio. Huyu mwalimu wa hesabu kila kitu anataka kukitia saa."

Mwalimu Mkuu alicheka, akaaga. Baba aliikunja barua mara nne, akaitia ndani ya mfuko wa Mas-hafu uliotundikwa ukutani, akaenda kutawadha. Aliswali rakaa mbili. Nilimuona kwa pembeni ya pazia akiwa ameinua mikono, midomo inacheza, akimuomba Mungu kama watu wanavyoomba katika sala ile: kama jambo hili lina kheri, amsahilishie, kama lina shari, amuepushe nalo. Alipomaliza alikunja mswala, akachukua kamba yake na pakacha, akaenda zake karafuuni. Hakuniangalia. Hakusema neno siku ile, wala ya pili, wala ya tatu.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Kwetu nikiitwa mdaku, na sikuona tusi ndani yake. Nilijua kuku yupi anataga kwa jirani, nilijua Mama akikasirika anasuka kwa kasi. Kwa hiyo nilimwekea Baba ulinzi. Kila asubuhi niliwahi jikoni, nikakaa mahali ambapo ningeuona uso wake anapotoka chumbani, na kila asubuhi aliyotoka bila kusema kitu nilichora mstari mmoja wa mkaa kwenye kiambaza nyuma ya mafiga. Uso wake ulikuwa uleule wa kila siku, wa mtu anayetafuta viatu.

Siku ya nne nilimwendea Bibi. Nilimkuta anachambua karafuu, anatenga tumba upande huu na makonyo, vijiti vyake, upande ule, vidole vinafanya kazi peke yao.

"Bibi, jibu la istikhara linakujaje?"

"Kwa ndoto. Ukiota kijani, ama nyeupe, hiyo kheri, lifanye. Ukiota nyekundu, ama nyeusi, hiyo shari, liwache."

"Na usipoota?"

"Unaswali tena. Mpaka siku saba."

"Na siku saba zikesha hujaota?"

"Hebu nisogezee huo ungo. Mtoto una maswali kama karani."

Nikasogeza ungo. Lakini moyoni nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta. Baba anangoja rangi. Ndoto haiji, au inakuja na rangi isiyotakiwa, na yeye ni mtu wa haya, hataki kuniambia. Leo ninajua, kwa kusoma na kwa kuuliza wajuzi, kwamba hayo ya rangi ni maneno ya watu, na kwamba mwenye kuswali istikhara hakuahidiwa ndoto yoyote. Wakati ule niliyachukua kama nilivyochukua jedwali la kuzidisha. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye mpangilio, nikajiwekea kazi.

Ndani ya sanduku la Mama, chini kabisa, kulikuwa na shuka moja la kijani la wageni ambalo halijapata kutandikwa hata mara moja. Nililitoa, nikalitandika kitanda cha Baba.

"Nani katoa shuka la wageni?" aliuliza Mama.

"Mie."

"Wageni gani?"

"Hamna. Lile jengine limechafuka."

"Limechafuka wapi, nimelifua juzi?"

Alikuwa na mambo mengi msimu ule, akaliacha. Nikaendelea. Kanga yake nyekundu niliikunja nikaitia ndani ya pipa tupu la unga. Chupa ya chai, ambayo ilikuwa nyekundu, niliificha chini ya kitanda cha Bibi. Siku mbili tukanywa chai ya sufuriani, na Baba aliinywa bila kuuliza. Sufuria zilikuwa nyeusi kwa masizi, nikazibeba zote hadi mferejini, nikazisugua kwa mchanga na majivu mpaka nikajiona uso.

"Mtoto huyu kaingiliwa na nini?" Mama alimuuliza Bibi. "Juzi nimempigia kelele kwa sufuria moja. Leo kasugua saba."

"Anataka kwenda Unguja," alisema Bibi. "Anajionesha."

Mistari ya mkaa ikafika saba, ikapita.

Sikumuuliza Baba. Wengine mtashangaa, lakini nyinyi wa rika langu hamtashangaa. Halikuwa jambo la kuuliza. Ningemuuliza nikiwa wapi, nimesimama vipi, nianze na neno gani? Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Ramadhani iliyotangulia nilikuwa nimekula doriani, lile tunda linalonuka mtaa mzima, nyuma ya nyumba ya jirani, nikanawa midomo kwa maji ya chumvi ili nisinuke, nikarudi ndani na uso wa mtu aliyefunga. Nilidhani Mungu anaichelewesha ile ndoto kwa sababu ya lile doriani. Nikawa nimemkasirikia Mungu na ninamuogopa kwa pamoja, na hali hiyo, mtu asiyeipata utotoni hawezi kuelezwa.

Kisha nikaziona karafuu.

Msimu ulikuwa mzuri. Baba alitoka alfajiri akakwea mpaka jua la mwisho, akarudi na mapakacha. Tukachambua wote, na asubuhi tumba zile zikaanikwa uani juu ya majamvi. Kazi ya kuzigeuza na kuzianua mvua inapokuja ilikuwa yangu tangu nilipokuwa na miaka saba. Nimezigeuza maelfu ya mara. Lakini mwaka ule, kwa mara ya kwanza, niliziangalia. Zinapotoka mtini ni za kijani. Siku ya kwanza ya jua zinaiva wekundu. Siku ya tatu, ya nne, zinakuwa nyeusi. Kijani, nyekundu, nyeusi, jamvi zima, mbele ya mlango, na Baba anazipita kila anapoingia na kila anapotoka. Mtu anayelala na macho yamejaa nyeusi ataota nini?

Siku hizo hizo Mama aliitwa msibani Shumba, kwa nduguye, akakaa siku tatu. Bibi miguu ilikuwa mizito, uani hatoki. Nikabaki mimi na karafuu.

Nilizikusanya zote zilizokuwa zimeanza kuiva wekundu na kuelekea weusi, nikazirundika katikati ya uwa, rundo linalonifika magotini. Juu yake nikamwaga zile mbichi alizoleta Baba jana, za kijani, ili macho yake yakute kijani. Baba alipokuwa hayupo nilizifunika kwa jamvi na magunia mawili jua lisizifikie. Jioni nilizifunua kidogo upande wa njia.

"Hazikauki?" aliuliza siku ya pili, amechoka, ameshika kiuno.

"Kulikuwa na manyunyu," nikasema. Na kweli manyunyu yalikuwepo, ila yalikuwa ya dakika kumi.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kutia mkono chini ya jamvi na nikautoa haraka. Kulikuwa na moto ndani. Harufu iliyopanda haikuwa ile harufu kali ya karafuu inayofungua pua. Ilikuwa na uchachu, kama embe lililosahauliwa kapuni. Nikafunua jamvi lote. Tumba za katikati zilikuwa zimevimba, ngozi imekunjamana, na zimegeuka rangi. Zilikuwa nyeupe, weupe wa majivu, mamia kwa mamia.

Nyeupe. Sikumbuki furaha nyingine kama ile katika utoto wangu. Nilikimbia ndani.

"Bibi, karafuu zimegeuka nyeupe."

"Zimekuwaje?"

"Nyeupe. Zote."

Bibi, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni, alinyanyuka mwenyewe. Alifika mlangoni, akatazama uani, akakaa chini palepale kizingitini.

"Mwite baba yako," alisema. "Kabla hajafika mbali."

Baba alikuja na kamba begani. Alipiga magoti mbele ya rundo, akachota konzi moja, akaiminya, akaifungua. Akanusa. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi nyingine ya chini zaidi.

"Mpeta," alisema.

Hilo ndilo jina la karafuu iliyoungua kwa joto lake yenyewe kabla ya kukauka. Kila mtoto wa Ole analijua kwa kulisikia; kwa macho mimi nilikuwa sijapata kuiona. Ukiipeleka kituoni kuuza, mpimaji anaitia mkononi mara moja tu, kisha anakwambia isogeze kando, wenzio wapite.

Mama alirudi kutoka Shumba mchana ule akatukuta vilevile, Baba amechuchumaa, mimi nimesimama, Bibi kizingitini, kama watu waliopigwa picha.

"Nani kazirundika?" aliuliza Baba. Hakupandisha sauti.

"Mie."

"Kwa nini?"

Nikasema yote. Shuka, kanga, chupa ya chai, sufuria, rangi za Bibi, ndoto yake isiyokuja. Doriani sikulisema. Nilipotaja rangi, Bibi aligeuka akatazama ukuta. Nilipofika kwenye ndoto, Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa ushungi, na alipouondoa macho yalikuwa na maji.

"Mwanangu, baba yako huyu? Miaka kumi na tano nimelala naye, hajapata kuota hata embe."

"Nikilala nimelala," alisema Baba.

"Basi unangoja nini?" nilisema. Nilisema kwa sauti ambayo siku nyingine ingenipatia kofi. "Siku zote hizi unangoja nini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha ya kigeni.

"Sikungoja kitu. Istikhara niliswali siku ileile aliyokuja mwalimu. Nikamaliza, nikachukua kamba, nikenda karafuuni. Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Sasa ulidhani nakwenda kufanya nini?"

Aliunyoosha mkono kwenye lile rundo la rangi ya majivu.

"Godoro la bweni lilikuwa humu. Sanduku lilikuwa humu. Viatu vyako, nauli yetu, vyote humu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie jambo ambalo halijawa? Halafu lisipokuwa?"

Haya ndiyo niliyoyabeba miaka yote, na ndiyo yaliyonipanda kichwani pale dukani. Baba alikuwa na imani iliyokamilika. Aliomba, akanyanyuka, akashika kamba. Hakuhitaji ndoto wala dalili. Lakini imani yake ilikuwa yake peke yake, imefungwa ndani kama ile barua kwenye mfuko wa Mas-hafu, na mimi nilikuwa nje nachungulia. Neno moja lingetosha. Angenambia, "Mwanangu, najaribu, geuza karafuu vizuri," ningezigeuza mpaka mikono iote malengelenge. Nimekasirikia kimya kile kuliko nilivyokasirikia hasara. Na nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu swali nililoliuliza siku ile mbele ya karafuu zilizoharibika, ningeweza kuliuliza siku kumi na moja kabla.

Alirudi juu ya miti asubuhi iliyofuata. Alikwea mikarafuu ya upande wa bondeni ambayo alikuwa ameiweka ya mwisho. Mama alichambua mpaka vidole vikawa rangi ya kahawia isiyotoka. Mimi niligeuza. Kisha mvua ikaja, mvua ya kweli, siku mbili hatukuanika hata pishi moja, na nilikaa upenuni natazama maji yanavyotiririka kwenye uwa mtupu, nahesabu wiki ile ya kupokelewa inavyoanza bila mimi. Nilimwomba Mungu jua. Niliomba kwa adabu, baadaye nikaomba bila adabu. Jua likatoka lilipotaka.

Tuliondoka bandari ya Mkoani kwa boti siku tatu baada ya ile wiki kwisha. Tulikuwa na sanduku la bati la rangi ya samawati, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ileile ya kukwelea, na viatu ambavyo sikuvivaa ili visichakae. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Njiani aliongea kuliko nilivyopata kumsikia: alinionesha minara, akaniambia jina la kila kisiwa, akaniambia nikifika nisilale upande wa dirisha.

Karani wa ile skuli alikuwa mwanamke mwenye sura ya huruma, na hilo lilizidisha uzito. Alilipata jina langu upesi. Lilikuwa limepigwa mstari kwa rula.

"Mzee wangu, tulimngoja mpaka Jumamosi," alisema. "Jumatatu nafasi ikachukuliwa."

"Hata akilala chini?" aliuliza Baba. "Godoro analo."

"Si kitanda, mzee. Ni nafasi. Darasani hamna."

"Hamna kabisa?"

"Ningekuwa nayo ningekupa."

Aliuliza mara mbili hizo tu. Kupitia dirishani niliwaona wasichana wamebeba ndoo, wanapita kwa mstari, wanacheka. Nikachagua mmoja, mrefu, aliyekuwa anachechemea kidogo, nikaamua kwamba ni yeye aliyechukua nafasi yangu. Nilimchukia pale, na nikaendelea kumchukia muda mrefu, mtu ambaye hata jina lake sikulijua.

Mnaotaka kusikia nilikoishia, nitasema kwa ufupi. Nilisoma skuli ya kawaida, Chake, kwa kutembea na kwa kudandia. Nilifaulu baadhi ya mitihani, mingine nikaanguka. Nina kazi, nina watoto, sikulala njaa. Watu wa vijiweni kwetu wakisikia kisa hiki hupenda kukimalizia wenyewe: waona, Mungu alikuepusha na jambo, kila kitu na kheri yake. Huenda. Mimi sina ushahidi, na nimekataa kuutunga. Ninaamini kwamba Mungu alituona pale uani na anatuona sasa. Kuamini hivyo hakujaninyamazishia swali, na sioni kwa nini nijifanye kwamba kumeninyamazishia.

Zuhura nilimpigia simu jioni ya siku ile ya mapazia. Nikamwambia amnunulie mwanawe sanduku.

"Kwani weye umeota?" akaniuliza.

"Sijaota. Nunua tu. Na umwambie kwamba unanunua."

Akasema atazungumza na mumewe. Sijui kama alizungumza. Siku zimebaki mbili.

Siku ile Unguja, nje ya lango la skuli palikuwa na ukuta mfupi. Tulikaa, sanduku kati yetu, godoro miguuni. Baba alitoa mkate wa kumimina aliotufungia Mama, akaukata nusu kwa nusu, akanipa. Sikula. Aliula wake wote, polepole, akajipangusa mikono. Vidole vyake vilikuwa bado na ule utomvu mweusi wa karafuu kwenye kucha, na kwa weupe wa kanzu yake ulionekana zaidi.

"Kwa hiyo Mungu kakataa," nilisema.

"Sijui."

"Mlango umefungwa. Si ndiyo kukataa?"

"Sijui, mwanangu."

"Kwa hiyo hii ndiyo ile kheri uliyoomba?"

"Huenda. Huenda ni kosa letu tu, miye na weye. Sijui."

"Unaswali, halafu hujui?"

Alifikiri. Alikuwa hajazoea kuulizwa, na mimi nilikuwa sijazoea kuuliza, na tulikuwa tumefika mbali sana na kwetu kujifunza.

"Miye nilimuomba anipe," alisema. "Sikumuomba anambie."

Nilitaka aseme zaidi. Nilitaka alie, au amlaumu yule karani, au anilaumu mimi kwa karafuu zile, jambo ambalo hakulifanya siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu cha kusoma, kama nilivyotafuta asubuhi zile zote. Alikuwa na uso wa mtu anayeogopa. Sikuwa nimepata kuuona kwake. Anaogopa, hajui, na anajifunga viatu.

"Nyanyuka," alisema. "Boti haitungoji."

Alijitwika godoro. Nikashika mkono mmoja wa sanduku, yeye akashika wa pili, tukateremka njia ile ile. Lilikuwa zito vilevile kama tulipokuja nalo, na kila hatua kumi na tano tulilazimika kusimama tubadilishane mikono.